Mawe ya Cluny na Tofali la Mjane

Miaka michache iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi parokiani kwetu. Kanisa la zamani lilikuwa limetuelemea. Kila Jumapili watu walisimama nje chini ya miembe, na mvua ikinyesha, Misa ya pili ilisikilizwa kwa miavuli. Basi tukakubaliana tulibomoe na kujenga kubwa zaidi palepale. Mimi na mwenzangu mmoja tukapewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba, jumuiya kwa jumuiya, kuandika ahadi za michango.

Tukafika kwa bibi mmoja mjane, mzee sana. Tulimwamkia, akatukaribisha mkekani, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Hilo mnalotaka kulibomoa, wanangu, mnajua lilijengwa na nani?" Hatukujua. Akatueleza. Kila kaya ilipewa hesabu yake ya matofali. Mumewe alifyatua, yeye alichota maji ya udongo mtoni, akiwa na mimba ya mtoto wake wa pili. Kuni za kuchomea tanuri walizibeba kichwani. Akamaliza hivi: "Sasa tofali langu mnalitupa, na mnaniomba jingine. Na hilo jingine litatupwa lini?"

Mwenzangu alijibu harakaharaka kwamba Mungu haangalii matofali, anaangalia moyo. Bibi akamtazama kwa upole, akasema: "Kama ni hivyo, mbona mmekuja na daftari?"

Tulicheka wote watatu, lakini nilirudi nyumbani bila jibu. Swali lake si la mzee aliyechoka kuchangia. Ni swali la kila mwamini aliyewahi kumtolea Mungu kitu kinachoonekana kwa macho: nikitoa jasho langu kwa ajili ya nyumba ya Mungu, na nyumba ile ikatoweka, sadaka yangu imekwenda wapi? Je, nilipoteza?

Ili nimjibu, naomba tusafiri mbali kidogo, mpaka Ufaransa, katika mji mdogo wa Cluny mkoani Burgundy. Hapo palikuwa na monasteri ambayo kwa karne nyingi ilikuwa na kanisa kubwa kuliko yote katika Ukristo wa Magharibi. Leo karibu lote halipo. Na bado, kama nitakavyoonyesha, kila mwaka sisi hapa tunafanya jambo lililotoka kwenye kanisa lile.

Mwaka 910, Guillaume, mtawala wa Aquitaine, aliandika hati ya kutoa eneo lake la Cluny kwa ajili ya wamonaki. Palikuwa mahali pake pa kuwindia. Husimuliwa kwamba alisitasita kwa sababu ya mbwa wake wa kuwinda waliofugwa pale, na abati Berno akamwuliza ni kipi kitakachomfaa zaidi mbele ya Mungu, kelele za mbwa au sala za wamonaki. Liwe lilitokea hivyo au la, hati yenyewe tunaijua. Guillaume alitoa ardhi, mashamba, misitu na maji kwa mitume Petro na Paulo. Alitaka wamonaki waishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ile inayofuatwa leo katika abasia zetu za Peramiho, Ndanda na Hanga. Alitaka wamwombee yeye, mkewe na jamaa zake. Alitaka maskini, wageni na mahujaji wahudumiwe pale. Tena akaweka sharti lililokuwa geni kwa wakati ule: tangu siku hiyo asiwepo mtu wa kuigusa mali ile, si yeye mwenyewe, si ndugu zake, si mfalme wala askofu. Hata Papa alisihiwa asiinyang'anye. Atakayethubutu, hati ikamtamkia laana nzito.

Guillaume, kwa maneno mengine, alitaka kitu cha kudumu. Na kwa muda mrefu ilionekana amekipata. Abati Berno alianza na wamonaki wachache tu. Miaka mia mbili baadaye nyumba zilizokuwa chini ya Cluny, au zilizofuata desturi zake, zilihesabiwa kwa mamia, zikaenea Ufaransa, Hispania, Italia, Ujerumani na Uingereza. Kwenye monasteri mama peke yake waliishi wamonaki wapatao 300. Abati wake, watu kama Odo, Odilo na Hugo, walitafutwa na mapapa na wafalme kwa ushauri. Papa Urbano II mwenyewe aliwahi kuwa mmonaki wa Cluny.

Mwaka 1088 Abati Hugo alianza kujenga kanisa la tatu, kwa kuwa la pili lilikuwa limewaelemea kama letu lilivyotuelemea. Mwaka 1095 Papa Urbano II alikuja kuiweka wakfu altare kuu. Lilipokamilika, lilikuwa na urefu wa mita 187 hivi. Weka viwanja viwili vya mpira mwisho kwa mwisho, punguza kidogo, hapo utalipata. Hapakuwa na kanisa kubwa kuliko hilo mpaka Basilika ya sasa ya Mtakatifu Petro ilipojengwa Roma katika karne ya 16 na ya 17.

Pesa zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa Alfonso VI, mfalme wa León na Castile nchini Hispania, aliyeahidi vipande 2000 vya dhahabu kila mwaka. Dhahabu hiyo naye aliipata kwa kuwatoza kodi watawala Waislamu wa kusini. Sadaka ile ilipokoma kuja, abasia ilibaki na jengo kubwa na madeni makubwa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi anajua ladha ya jambo hilo: mfadhili mkubwa akinyamaza, kuta haziachi kudai saruji.

Lakini Cluny haikuwa mawe tu. Kazi yake kuu ilikuwa sala, na ndani ya sala, kazi waliyoijali sana ilikuwa kuwakumbuka wafu. Waliandika majina ya marehemu katika vitabu, siku kwa siku, wayasome katika tarehe ya kufa kwao. Kila ndugu alipofariki, maskini mmoja alipewa chakula kwa siku thelathini badala yake, na kila mwaka siku ya kumbukumbu yake maskini alilishwa tena. Tafakari desturi hiyo: marehemu anasomwa jina kanisani, na mlangoni mtu mwenye njaa anakula sahani yake. Wafu walipozidi kuwa wengi, chakula chao kikaanza kuwalemea walio hai, hata Abati Petro, aliyeitwa Mheshimiwa, akalazimika kuweka kikomo cha idadi ya walioweza kulishwa kwa siku.

Wakati wa Abati Odilo, aliyeongoza kutoka 994 hadi 1049, wamonaki waliona kwamba kuna wafu wasio na mtu wa kuandika majina yao. Odilo akaagiza kwamba siku inayofuata sikukuu ya Watakatifu Wote, yaani tarehe 2 Novemba, nyumba zote za Cluny ziwaombee waamini marehemu wote, wenye majina na wasio na majina. Desturi hiyo ikatoka kwenye nyumba za Cluny, ikaenea majimboni, ikawa ya Kanisa zima la Magharibi. Mwaka 1915, vita kuu ya kwanza ikiwa imeua watu wasiohesabika, Papa Benedikto XV aliwaruhusu mapadre wote waadhimishe Misa tatu siku hiyo.

Tarehe 2 Novemba. Ndiyo siku tunayokwenda makaburini na majembe na fyekeo, tukasafisha, tukaweka maua, padre akanyunyiza maji ya baraka. Ndiyo siku tunayopeleka bahasha zenye majina ya marehemu wetu. Tumeipokea kutoka kwa wamonaki wa Cluny.

Na kanisa lao liko wapi?

Hapa inatupasa kwenda polepole, kwa sababu ni rahisi kusema "lilibomolewa na Mapinduzi ya Ufaransa" na kufunga kitabu. Ni kweli, mwisho ulikuja hapo. Bunge la Ufaransa lilipiga kura kuziweka mali zote za Kanisa mikononi mwa taifa mwaka 1789, na tarehe ya kura hiyo, kwa namna ya ajabu, ilikuwa 2 Novemba. Februari 1790 mashirika ya watawa wenye nadhiri yakafutwa, na mwaka 1791 sala ikanyamaza Cluny baada ya karibu miaka 880. Mwaka 1798 majengo yaliuzwa kwa wafanyabiashara. Wakafungua njia katikati ya kanisa, wakauza mawe, na mahali pengine wakatumia baruti. Kazi ya kubomoa iliendelea mpaka mwaka 1823 hivi. Napoleon aliagiza papo hapo pawe na kituo cha kuzalishia farasi, na baadhi ya majengo yake yakajengwa kwa mawe ya abasia. Mahali palipoanza kwa mbwa pakaishia kwa farasi.

Leo kimebaki chini ya sehemu moja ya kumi ya kanisa lile: mkono mmoja wa kusini, pamoja na mnara unaoitwa wa Maji ya Baraka. Vichwa vya nguzo vilivyookolewa vimehifadhiwa katika ghala la zamani la unga. Kuanzia mwaka 1928 Mmarekani Kenneth Conant alichimba kwa miaka mingi akitafuta misingi, ili watu wajue kuta zilipita wapi.

Lakini je, Cluny ilianza kubomoka mwaka 1798? Turudi nyuma. Mwaka 1122 Abati Pons alijiuzulu. Baadaye alirudi na watu wenye silaha, akaiteka abasia, akayeyusha hazina za dhahabu za kanisa awalipe askari wake. Hakuwa mgeni yule, alikuwa abati. Tangu karne ya 16, wafalme wa Ufaransa walipopata haki ya kuwateua abati, cheo kilianza kugawiwa kama zawadi. Makardinali wakubwa wa serikali, Richelieu na baadaye Mazarin, walikuwa abati wa Cluny. Hawakuishi pale kama wamonaki. Walipokea mapato. Mwaka 1562, katika vita vya dini, maktaba iliporwa. Na katikati ya karne ya 18 wamonaki wenyewe walibomoa majengo yao ya kale ya kuishi, wakajijengea mengine marefu ya kifahari kwa mtindo mpya. Majengo hayo bado yapo, na leo ni chuo cha uhandisi. Fikiria hilo: waliyojijengea wao yamesimama, walilomjengea Mungu limeanguka.

Baada ya kusikia haya, watu hutoa mojawapo ya majibu mawili, na yote mawili nimeyasikia hata parokiani kwetu.

La kwanza ni hili: Mungu aliwaadhibu. Walitajirika mno, wakajenga mno, wakaanguka. Jibu hilo lina kipande cha ukweli. Bernardo wa Clairvaux, mtakatifu wa zama zile zile, aliwashutumu vikali wamonaki wa namna ya Cluny kwamba kuta za kanisa zinavikwa dhahabu huku watoto wa Kanisa wanatembea uchi. Lakini tazama ni nani hasa aliyeumia. Richelieu alikufa kitandani mwake akiwa tajiri na mwenye nguvu. Maskini waliokuwa wakipata mkate mlangoni ndio waliokuta mlango umefungwa. Kama ile ilikuwa adhabu, ilimpata asiyehusika. Bwana wetu mwenyewe alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kusema kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Aliwageuzia swali waliokuwa wakimsikiliza. Basi nasi tusiyasome magofu kama hukumu ya mahakama. Yapo makanisa yaliyojengwa kwa dhuluma ambayo yamesimama, na yapo yaliyojengwa kwa machozi ya imani ambayo yameanguka.

Jibu la pili ni lile la mwenzangu: majengo si kitu, Kanisa ni watu. Nalo lina ukweli, na katekisimu inatufundisha hivyo. Lakini angalia mara nyingi linasemwa na nani na lini. Husemwa na asiyebeba maji. Husemwa baada ya kubomoa, na mara chache kabla ya kuchangisha. Ukimwambia mjane kwamba tofali si kitu, umemwambia kwamba siku alizochota maji mtoni na mimba tumboni si kitu, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kumpa Mungu moyo wake ila mikono na mgongo. Sisi si malaika. Upendo wetu hupita katika vitu. Mkate ni kitu, divai ni kitu, na maji tuliyobatizwa nayo ni kitu.

Nilipokuwa nahangaika na majibu haya mawili, nilifungua Injili ya Marko nikitafuta habari ya mjane aliyetoa sarafu mbili. Naijua tangu utoto, na kwenye kamati tuliitumia sana, Mungu atusamehe, kuwahimiza watu watoe. Safari hii nilisoma mistari iliyo kabla yake na inayofuata baada yake. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Mara tu kabla ya mjane, mwishoni mwa sura ya 12, Yesu anawaonya watu juu ya walimu wa Sheria wanaopenda viti vya mbele na kusalimiwa sokoni, huku wanakula nyumba za wajane. Kisha anaketi kuelekea sanduku la sadaka, anamwona mjane, anamsifu kuliko matajiri wote. Kisha, mwanzoni mwa sura ya 13, wanatoka nje, mwanafunzi mmoja anashangilia mawe makubwa na majengo mazuri, na Yesu anamwambia kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe.

Yaweke pamoja mambo hayo matatu. Mjane alikuwa anachangia hekalu. Yesu alijua hekalu lile litabomolewa, na kweli Warumi walilibomoa mwaka 70. Alijua pia kwamba kati ya wanaosimamia mambo ya dini wamo wanaokula mali za wajane. Anajua yote hayo, na bado hamzuii mjane. Hamwambii kwamba pesa yake inapotea. Anawaita wanafunzi waje waone kwamba mama huyu ametoa kuliko wote.

Kwa hiyo, thamani ya sadaka haingojei jengo lidumu. Sadaka ilikamilika pale iliposhuka mkononi mwake, kwa sababu tangu hapo ilikuwa mikononi mwa Yule aliyekuwa ameketi anatazama. Hekalu lingesimama miaka elfu, sarafu zile zisingeongezeka. Lilipoanguka, hazikupungua.

Hapo mtu anaweza kuuliza, na ni haki aulize: kama sadaka imekwisha kukamilika, basi kamati ifanye ipendavyo? Abati ayeyushe dhahabu, mweka hazina ale, mjane amekwisha kupata thawabu yake? La. Ndiyo maana onyo juu ya wanaokula nyumba za wajane limewekwa mlangoni mwa habari ile ile. Hakuna awezaye kuiharibu sadaka ya mjane, lakini awezaye kujiharibu nafsi kwa sadaka hiyo yupo. Mtoaji hapotezi. Anayekula ndiye anayepotea, hata kama jengo limesimama na jina lake limechongwa ukutani.

Nikilitazama gofu la Cluny kwa macho hayo, naona kwamba swali la kuuliza si kwa nini lilianguka. Vyote vya mikono huanguka, na mchwa wetu hawahitaji mapinduzi. Swali ni nini kilikuwa kimekwisha kuondoka ndani kabla kuta hazijaguswa. Wafanyabiashara wa 1798 walinunua mawe. Hawakununua sala, kwa maana haikuwa inauzwa. Walioila Cluny ni wale walioitwa baba zake, wakapokea mapato yake bila kusimama kwenye sala zake. Nyundo zilikuja nyuma yao.

Na ahadi ya Guillaume, je? Alitaka kuombewa daima, na wamonaki wake walinyamaza mwaka 1791. Hati yake ya laana haikuzuia kitu. Lakini tarehe 2 Novemba mwaka huu, katika kigango cha mabati ambacho yeye hakuweza hata kukiota, katekista ataongoza sala kwa waamini marehemu wote. Wote, maana yake wote. Guillaume wa Aquitaine yumo. Mwashi aliyepandisha jiwe la mwisho la mnara wa Cluny, ambaye jina lake halikuandikwa, naye yumo. Bibi anayechomoa magugu kaburini kwa mumewe anamwombea mtawala wa Ufaransa wa miaka 1100 iliyopita, bila kumjua. Kile Guillaume alichokilinda kwa laana kilipotea. Kile Odilo alichokiachia bure, akiwapa hata wafu wasio wake, ndicho kilichotufikia.

Sitaki kupamba. Hasara ya Cluny ilikuwa hasara kweli. Vitabu vilivyoporwa havikurudi vyote, maskini waliokosa mkate walikosa mkate, na uzuri uliolipuliwa kwa baruti hauwezi kuitwa baraka. Kusema kwamba Mungu haachi sadaka ipotee si kusema kwamba kubomoa ni sawa. Ni kusema tu kwamba mbomoaji hana neno la mwisho.

Kwetu sisi, nadhani yapo mambo matatu ya kufanya. La kwanza, tunapochangisha, tuseme kweli. Tusimwahidi mtu kwamba anajenga kitu cha milele. Tumwambie anajenga mahali ambapo watoto wa jirani watabatizwa kwa miaka kadhaa, naye Mungu anaona. La pili, daftari liwe wazi. Mali inayofichwa kwa jina la Mungu imekwisha kuanza kubomoka, hata kama lipu bado mbichi. La tatu, tukumbuke kwa majina. Na tukiweza, tuirudishe ile sahani ya Cluny: kila bahasha ya majina ya Novemba iende pamoja na chakula kwa mtu mwenye njaa, ili marehemu wetu walishe mtu.

Nilirudi kwa yule bibi peke yangu, wiki mbili baadaye, bila daftari. Nilimweleza habari za Cluny kadiri nilivyoweza, na habari za mjane wa Marko. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Na yule mjane wa Yesu, jina lake halikuandikwa?" Nikasema halikuandikwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi sisi tuna bahati. Andika la mume wangu."

Nililiandika. Siku ya kubomoa, mafundi walikuwa wanataka kupeleka kifusi bondeni. Tuliwaomba matofali ya zamani yapondwe, yawe chini ya sakafu ya kanisa jipya. Hayaonekani. Watu wanapiga magoti juu yake kila Jumapili, na wengi wao hawajui. Bibi aliishi kuiona sakafu ikimwagwa, hakuishi kuliona paa. Novemba iliyopita jina lake lilisomwa, likifuatana na la mumewe.

Kanisa letu jipya limeanza kuonyesha ufa mdogo karibu na sakristia. Fundi anasema si wa kutisha. Siku moja litatuelemea hili nalo, au litaanguka, na vijana watakuja nyumbani kwangu na daftari. Naomba Mungu anipe siku hiyo moyo wa kuwauliza swali la bibi, na neema ya kutoa tena.